Mangi wa Kuchorwa

Jumatatu, 3 Februari 1997

Watazamaji wawili bandani kwangu. Mmoja alilala. Wa pili alikuwa anamsubiri wa kwanza aamke waondoke pamoja.

Ng'ambo ya barabara banda la video la Primus limejaa hadi dirishani. Ana mikanda mipya ya karate. Tena ana jenereta! Sisi wengine wa Pasua tunaishi kwa mgao: umeme unakuja saa tisa alasiri, saa kumi na moja kamili unakwenda zake. Nimewaambia watu, kwa nia njema kabisa, kwamba moshi wa jenereta ya Primus unamaliza nguvu za kiume. Hawakujali. Wanaume wakaenda na wake zao.

Barua ya Flavia kutoka Kilema. Baba yake, Mzee Valerian, anataka neno la mwisho kabla ya Kwaresma. Majivu ni Jumatano ijayo, tarehe kumi na mbili. Baada ya hapo hakuna kuzungumzia ndoa mpaka Pasaka, na kuna mwalimu mwenye pikipiki anayepita kwao kila Jumapili kuulizia hali ya kahawa. Mwalimu na kahawa wapi na wapi! Mzee ameuliza tena nafanya kazi gani. Flavia akamjibu kwamba niko kwenye utamaduni. Miaka mitatu ananivumilia huyu binti. Nikimkosa sitapata mwingine, hilo nalijua hata mimi.

Nimeshuka mjini kwa Suresh, anayeazimisha mikanda. Karate zote kachukua Primus. Kilichobaki ni katuni moja ya Kijapani. Suresh akasema ni katuni ya watu wazima, mambo ya wafalme na uchawi, haina tafsiri, na niitazame peke yangu mpaka mwisho kabla sijamwonyesha mtu. Nikamuuliza kama naonekana mtoto. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyohitaji.

Jumanne, 4 Februari

Nimeandika mlangoni: KATUNI. WATOTO MARUFUKU. Wakaingia watu tisa, kwa ubishi tu.

Kijapani sijui hata salamu. Lakini mdomo ninao, na kipaza sauti ninacho. Akatokea mfalme mzee, ndevu nyeupe, kovu juu ya jicho la kushoto, ngome yake juu ya mlima wa theluji. Nikasema huyu ni Mangi, mfalme wa Wachagga, na ule ni Kibo. Fundi baiskeli Antoni akacheka, akasema katuni ni za watoto wa kunyonya. Halafu mlima ukafumbua jicho.

Mlima mzima! Jicho moja katikati ya theluji, likamtazama Mangi. Mama Gladys muuza pombe ya mbege alikuwa anapeleka kata mdomoni, ikabaki hewani. Likainuka jitu la mawe, likamfukuza Mangi na mkewe usiku, wazee wa watu, bila hata blanketi. Antoni akatoa leso.

Saa kumi na moja umeme ukakatika, katikati ya mkanda. Watu hawakuondoka. Walisimama nje wakibishana itakuwaje. Mwisho nikawasimulia mwenyewe: Mangi anarudi, anashinda, anatawala kwa haki. Wakaridhika.

Jumatano, 5 Februari

Watu thelathini na mmoja! Wengine wametoka kwa Primus, nimewaona kwa macho yangu.

Antoni amerudi. Nikamuuliza kulikoni, mbona anaililia katuni. Akasema mcheza sinema akilia yeye halii, anajua jamaa amelipwa na jioni anakwenda kwake kula. Lakini huyu wa kuchorwa hana kwingine pa kwenda. Akitoka mle ndani, hayupo. Mama Gladys naye anasema mtoto hawezi kuielewa katuni ile, kwa sababu mtoto hajawahi kufukuzwa nyumbani akiwa mzee. Mambo mazito hayo. Nimeyafikiria sana, na nimeona wazi kwamba wanakuja kwa ajili ya sauti yangu.

Wamenisihi niwaonyeshe nusu ya pili. Nimewaambia kupeleka mkanda mbele kunaharibu deki.

Alhamisi, 6 Februari

Wazo! Nililipata nikioga, nikatoka na sabuni masikioni.

Mfalme ana jina gani? Hana. Kwa Kijapani labda analo, lakini nani anajua? Kuanzia leo anaitwa Mangi Valerian. Baba mkwe aje ajione amekaa kwenye kiti cha enzi, Pasua nzima inampigia vigelegele. Mwalimu na pikipiki yake ataweza hilo?

Nimepanda Kilema mchana huohuo. Shikamoo kwa Mzee, shikamoo kwa Mama Martha mkewe, ndizi nikala bakuli mbili. Mzee akasema yeye hatazami katuni, michoro aliacha alipoacha kunyonya. Nikamwambia hii si katuni, ni historia ya Wachagga iliyochorwa na Wajapani. Akauliza Wajapani Wachagga wamewajulia wapi. Nikasema nao wana mlima wenye theluji. Hilo lilimwingia. Nikaongeza kwamba kuna mangi mmoja humo anayefanana naye sana, na nisingependa kusema zaidi. Akaita chai nyingine. Atakuja Jumanne na wazee wa ukoo, na akiridhika na kazi yangu, jibu atalitoa palepale.

Flavia alinisindikiza hadi kwenye mgomba wa mwisho. Akauliza kama nimeshautazama mkanda mpaka mwisho. Nikamwambia mwisho wa sinema zote ni mmoja.

Ijumaa, 7 Februari

Tatizo: mgao. Wazee wa ukoo hawawezi kuonyeshwa nusu ya mfalme. Jenereta ni ya Primus, na Primus haongei na mimi tangu lile suala la nguvu za kiume.

Nikaenda kwenye uzio, nikachuma jani la isale. Mchagga akiletewa isale na anayeomba msamaha, hakatai. Awe na hasira za namna gani, hakatai! Mababu walipanga vizuri sana mambo yao. Primus alikuwa mbele ya wateja wake. Nikapiga magoti, nikalishika kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikatubu. Watu wakaguswa. Akalipokea. Nikafuta magoti, nikaomba jenereta.

Akalitazama jani. Akanitazama mimi. Akauliza naonyesha mkanda gani. Nilipomwambia, uso wake ulibadilika, akawa mpole ghafla. Akasema ataileta mwenyewe, atakaa nayo, na petroli juu yake. Nguvu ya isale!

Jumapili, 9 Februari

Misa Kilema, ili nionekane. Nimeonekana. Mzee Valerian alinishika mkono nje ya kanisa mbele ya kigango kizima. Amekwisha kuwatangazia kwamba Wajapani wamemchora. Mwalimu wa pikipiki alikuwa amesimama peke yake. Nimemwonea huruma kidogo.

Jumanne, 11 Februari

Walifika saa kumi na pikapu: Mzee Valerian na koti la Krismasi, Mama Martha, Flavia, wazee sita. Shikamoo nane mfululizo. Watu wamejaa hadi kwenye mabanzi ya ukuta.

Saa ya kwanza ilikuwa utukufu mtupu. Kila Mangi Valerian alipoinua upanga, vigelegele. Mzee amekaa kidevu juu. Kuna wakati alijipapasa juu ya jicho la kushoto, akitafuta kovu. Saa kumi na moja umeme ukakatika, jenereta ikadaka, picha haikutikisika. Nilimpungia Primus mkono kupitia mlangoni. Naye akanipungia.

Ndipo akatoka mwanamke majini. Juu mwanamke, chini nyoka. Nguo hana, na hakuonyesha kuzihitaji. Nikasema huyu ni mkunga wa jadi. Mangi Valerian akavua joho. Nikasema joto. Mzee mmoja wa ukoo akauliza, kwenye theluji? Mangi Valerian akavua na kilichobaki, akaanza kucheza ngoma. Mama Martha aligeuka akamtazama mumewe, akisubiri maelezo.

Nikatangaza kwamba huyo si Mangi Valerian tena, ni pacha wake mwovu. Wakanizomea! Antoni alisimama akasema kovu ni lilelile, ndevu ni zilezile, wamekaa na mfalme huyu wiki nzima na wanamjua, nisiwabadilishie. Nikatangaza umeme umekatika. Jenereta ikanguruma kwa nguvu zaidi. Nikatoka nje kuizima. Primus alikuwa amekaa juu ya dumu la petroli, mikono kifuani. Akanijulisha kwamba mkanda ule aliuona mwaka jana, na kwamba sehemu nzuri bado.

Niliporudi, mwanamke wa nyoka alikuwa amekwisha kumwomba Mangi mlima wake na kupewa, na kwa shukrani akamgeuza kuwa beberu. Ndevu zikabaki! Kovu likabaki! Raia wake wakaona beberu mnono anapita, wakaanza kukusanya kuni. Mtu akapiga kelele, ndafu ya harusi! Banda zima likaangua kicheko, wazee wa ukoo wanapigana mabega. Nilifungua mdomo nitengeneze jambo. Hamna kitu. Kwa mara ya kwanza, hamna.

Kwa hiyo sehemu iliyofuata haikutafsiriwa na mtu. Beberu akawakimbia wenye visu. Akatembea kwenye theluji hadi kwenye kibanda cha mke wake. Akagonga kwa kwato. Mke akachungulia. Beberu hawezi kusema. Amesimama tu, ndevu zimeganda, na alivyovitenda vyote viko usoni pake. Kicheko kiliisha. Nami nimeegemea ubanzi, kipaza sauti kinaning'inia, namtazama yule beberu, na niliona aibu, na niliogopa. Maana nami nilikuwa nimesimama mlangoni kwa watu, na sikuwa na chochote cha kuonyesha. Machozi yakatoka. Ni moshi wa jenereta, ulikuwa unaingia kwa nyuma.

Mke akapapasa lile kovu. Akafungua mlango. Mkanda ukaisha, na watu hawakuinuka.

Mzee Valerian alijifuta macho kwa mkono wa koti. Akasema beberu anamsamehe. Mtu wa umri wake anajua kuna miaka amekuwa beberu. Mama Martha akakohoa. Nikaanza kupumua. Hapo akaingia Primus kuchukua jenereta yake, na kwa heshima zote akawaeleza wazee ameiletaje.

Sijawahi kuona uso ukikunjika vile. Mzee akasema picha ni picha, lakini isale si picha. Isale ni ya kuponya undugu, mimi nimelitumia kuazima mashine. Akasema mtu kama huyo hampi binti. Wazee wote sita wakaitikia.

Nikafanya nini? Nikakimbia uzioni, nikachuma isale jingine, nikampelekea. Mikono miwili, kichwa chini. Banda zima linatazama. Alilishika kama anayeshika kidonge cha kwinini. Lakini Mchagga hakatai! Akalipokea. Akasema basi, Filbert, sharti ni moja. Kwaresma hii nifunge mdomo. Niendelee na kazi, nionyeshe mikanda, ila siku arobaini nisiseme neno juu ya picha. Nikiweza, Pasaka tunapanga tarehe. Nikishindwa, nisipande tena Kilema, na isale lolote nitakalolileta nilishe mbuzi.

Wakati wanapanda pikapu, Flavia akaninong'oneza. Akasema zile dakika nilizonyamaza hakutazama mkanda, alinitazama mimi, na aliwaza kwamba na yule mtu aliyenyamaza anaweza kuishi. Nimelikumbuka neno hilo njia nzima, na sasa naliandika ili lisipotee.

Jumatano ya Majivu, 12 Februari

Asubuhi misa. Majivu kwenye paji. Siku arobaini! Yesu aliziweza bila chakula, na mimi nimeambiwa nile nishibe.

Leo sikutangaza nje, nimeapa. Walikuja hivyohivyo. Watu hamsini, hata Primus, maana kwake hakukuwa na mtu wa kumwonyesha karate. Sehemu ya nyoka nimeiruka kwa heshima ya Kwaresma. Deki haikuharibika.

Saa kumi kasoro akaingia Mzee Valerian, na Flavia nyuma yake. Sikuwaalika. Mzee ana majivu usoni, kofia mkononi. Akasema amekuja kuuona tena ule mlango. Akakaa benchi la mbele, akaniinamishia kichwa kidogo kunisalimu, kama mtu anayekaribia kuwa baba mkwe. Flavia akatabasamu.

Nikasimama nyuma. Mdomo nimeufunga. Kipaza sauti nilikishika kwa mazoea tu. Dakika kumi, kimya. Ishirini, kimya. Sikujua kama nina uwezo huo! Beberu akafika kwenye kibanda. Akagonga. Watu hamsini, na husikii hata pumzi. Antoni analia, Mama Gladys analia, Primus anatazama paa. Tangu nifungue banda sijawahi kuwa na ukimya mzuri kama ule. Nikaona itakuwa hasara kubwa upite hivihivi, bila mtu wa kuwaambia watu jinsi ulivyo mzuri.

Nikawaambia. Kwa ufupi, dakika tano hivi. Nilimtaja na Mzee Valerian kwa jina.

Mzee hakugeuka. Alivaa kofia akatoka, Flavia akamfuata ameinamisha kichwa, hata mke wa beberu afungue mlango hawakungoja. Nadhani wamewahi nyumbani kupanga tarehe.