Treni ya Kasi Haisimami Pajuvere

Jumatatu, 8 Machi 1926. Tallinn.
Barua ya Hilda imefika. Hilda ni mwalimu kijijini kwetu Pajuvere, na huu mwaka wa sita nampenda bila kumwambia lolote la maana. Anasema posta masta amemposa. Atamjibu Jumapili ya Matawi, wiki moja kabla ya Pasaka, ila angependa kuniona kwanza. Nimeisoma mara nne na chai imepoa.

Lakini niende vipi? Niliapa mbele yake kwamba siku moja nitaisimamisha treni ya kasi Pajuvere, nishuke nimevaa kofia ndefu. Nami leo ni waziri asiye na wizara! Serikali ina vyama vitano. Changu kina wabunge watatu, kwa hiyo nimepewa kiti cha karibu na mlango. Anayeamuru treni ni Kuusik, Waziri wa Reli, mtu mnene anayekoroma vikaoni. Wizara hiyo naitaka.

Jumatano, 10 Machi.
Nimekitangazia kikao kwamba chama changu kinajitoa serikalini kwa sababu ya ushuru wa siagi. Sijui ushuru wa siagi ni kiasi gani. Mzee wa Dola, ndivyo tunavyomwita mkuu wa serikali, akanivuta kando. "Sema basi, Jaan, unataka nini? Serikali hii ina wiki tano, hata mapazia hatujatundika." Nikamwambia reli. Akauliza siagi na reli vinahusianaje. Nikasema siagi husafirishwa.

Ijumaa, 12 Machi.
Nimeapishwa. Kuusik amehamishiwa kiti changu cha mlangoni. Aliponikabidhi funguo aliniuliza kwa upole nimefanyaje, nami kwa furaha nikamweleza hatua zote. Akaandika. Mtu mwema kumbe.

Amri yangu ya kwanza: kesho treni ya kasi isimame Pajuvere dakika tatu. Nimempelekea Hilda telegramu aje kituoni saa saba mchana. Kofia ndefu nimeazima.

Jumamosi, 13 Machi.
Treni iliposimama kituo cha Tapa nililetewa telegramu. Kuusik ametishia kujitoa na wabunge wake kumi na wanane kwa sababu ya leseni za mbwa. Mzee wa Dola amemrudishia reli, naye ameifuta amri yangu. Kondakta, aliyekuwa akiniita Mheshimiwa tangu Tallinn, akasema, "Pole, bwana. Kaa vizuri, Pajuvere huwa tunapita mbio."

Tukapita Pajuvere. Hilda alikuwepo, amejifunga kitambaa cha buluu, mkono juu. Nikabandika uso kwenye kioo. Midomo yake ilisema neno, sijui lipi. Natamani kulijua kuliko ninavyotamani wizara yoyote. Nimelia mpaka Tartu, na kofia imebonyea.

Jumanne, 16 Machi. Tallinn.
Barua nyingine. "Jaan, treni ya abiria husimama hapa kila siku saa tisa. Panda daraja la tatu uje, hata viatu vikiwa na tope. Sijaomba waziri, nakuomba wewe. Jumapili ya Matawi ikinikuta peke yangu nitamkubali posta masta. Yeye angalau yupo."

Sijawahi kusomewa moyo wangu namna hii. Nikavaa koti, nikakimbia kituoni, nikakata tiketi ya daraja la tatu. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi ya behewa nilipoitwa kwa jina. Katibu wa chama, anahema. Serikali imeanguka! Kila waziri ametishia kujitoa kwa ajili ya jambo lake, mojawapo likiwa mapazia. Mazungumzo yanaanza upya, na vyama vikubwa vinahitaji kura tatu tu. Kura tatu! Za nani kama si zetu?

Nikashuka. Hilda hastahili mwanamume wa daraja la tatu. Nimemwandikia avumilie kidogo, nakuja na treni ya kasi, na safari hii nitaiamuru isimame dakika kumi. Wenye uzoefu wananihakikishia serikali mpya itakuwa tayari kabla ya Pasaka, ikichelewa sana Pasaka yenyewe.