Draiva ya Dada

Jumatatu, 4 Machi
Dada anachora ramani za majengo. Ijumaa anaionyesha kamati jengo la zahanati, likizunguka kwenye skrini. Halizunguki. Linakwamakwama. Shemeji, mumewe, fundi wa friji, akasema huenda ni draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha. Nikamwahi: niachieni mimi, nimesomea kompyuta. (Wiki mbili. Ya pili niliugua.)

Nikafungua orodha ya vifaa. Imeandikwa wazi: kifaa hiki kinafanya kazi vizuri. Ningeondoka hapo hapo, na heshima zangu. Lakini Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kifuani. Nitaondokaje bila kufanya kitu? Nikaifuta draiva.

Jumanne, 5 Machi
Herufi zimekuwa kubwa kama za bango. Programu ya Dada haifunguki kabisa. Nimepakua draiva mpya. Imekataa: si ya kadi hii. Nyingine. Imekataa. Ya tatu imeniletea matangazo ya viatu. Nimemwambia Dada tuko hatua ya pili. Shemeji akakohoa. Kikohozi gani kile chenye kicheko ndani!

Jumatano, 6 Machi
Nimemkataza Shemeji kuingia chumbani. Nimesema kadi ikiwa wazi hutoa mionzi. Akaniuliza mbona mimi nimo ndani. Nimesema nimezoea.

Mchana nimemkuta Dada mezani jikoni anachora zahanati nzima kwa mkono, vidole vimejaa wino. Miezi minne ya kazi. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona.

“Mdogo wangu, kama umekwama sema tu.”

Nikasema aliyekwama si mimi, ni kompyuta. Kisha nikaenda bafuni, nikajitazama kwenye kioo. Sikupendezwa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekiri. Kwa Shemeji, tena! Hakucheka. Akafungua kompyuta, akasoma namba iliyo kwenye kadi, akapakua draiva ya namba hiyo kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Dakika kumi. Kisha akaniita nione feni ya kadi: vumbi kama blanketi. Kadi ilikuwa inapata joto, ndiyo maana ilikwama. Draiva haikuwa na kosa tangu mwanzo. Akasafisha kwa brashi yake ya friji. Jengo likazunguka, taratibu, madirisha yote yanang’aa. Dada akalia kidogo. Mimi nilishika tochi.

Ijumaa, 8 Machi
Kamati imekubali! Wamepiga makofi. Dada akawaambia bila mumewe na mdogo wake asingefika. Mdogo wake! Nami, nimekaa na Shemeji nyuma ya ukumbi, nikapiga makofi.

Muuguzi mkuu, mmoja wa wanakamati, akauliza ni nani kati yetu mjuzi wa kompyuta. Shemeji alikuwa na keki mdomoni. Nikanyoosha mkono. Jumatatu naenda ofisini kwake. Amesema yake haina tatizo lolote, anataka iangaliwe tu. Nimemwambia hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote.