Nesi Anakuja Kupima Udhaifu Wangu

Jumatatu, 14 Januari

Theluji imefika dirishani. Nimetoka kwa wakili na binti yangu Tyyne. Nilikwenda na mpango wangu mwenyewe, bora kabisa: niiandike nyumba jina la Tyyne kimyakimya, serikali isinuse. Wakili akasema, mzee, hiyo wataifukua asubuhi moja. Daktari anasema mwaka huu hauishi kabla sijaingia nyumba ya kutunzia wazee. Serikali italipia kitanda, halafu nikifa itakuja kuidai nyumba. Nyumba niliyoijenga mimi! Kila gogo!

Ila upenyo upo. Mtoto aliyeishi na mzazi miaka miwili akimtunza anaruhusiwa kupewa nyumba. Tyyne ana mitatu kwangu. Kinachotakiwa ni daktari athibitishe kwamba bila yeye ningekuwa nimeshaingia huko zamani. Nesi wake atakuja Alhamisi kujionea.

Nikasema, kazi ndogo. Tyyne akasema, Baba, itabidi ukubali kwamba nakufunga vifungo vya shati.

Vifungo gani!

Jumanne, 15 Januari

Mazoezi. Tyyne kajifanya nesi. Mzee Urho, nani anakuogesha? Nikasema sauna, chumba changu cha kuogea mvuke, nawasha mwenyewe, kuni napasua mwenyewe. Akasema, Baba, mara ya mwisho umepasua kuni Mama alikuwa hai. Na soksi nani anakuvisha? Nikamwambia: Soksi za siku hizi zinashonwa vibaya.

Akakaa chini. Akasema nyumba hii ikienda hana pa kulala, chumba chake cha mjini alikirudisha alipokuja kwangu. Nimemhakikishia: Alhamisi nitakuwa mgonjwa wa kutisha.

Jumatano, 16 Januari

Jirani yangu Onni Keskitalo, kizee cha miaka themanini na nne, kapanda paa lake na beleshi kuondoa theluji. Mbele ya dirisha langu! Akapiga kelele: Vipi Urho, paa lako linamsubiri binti yako?

Mimi namzidi miaka miwili na nguvu maradufu. Nimefunga pazia.

Tyyne kaficha ngazi. Mtoto kumfichia baba yake ngazi! Iko nyuma ya sauna, nimeiona.

Alhamisi, 17 Januari

Asubuhi nilikuwa tayari. Kitandani, blanketi hadi kidevuni, natetemeka vizuri sana. Tyyne alifurahi, akanikatia mkate wa iliki. Nesi akachelewa. Tyyne akaenda barabarani kusafisha njia ya gari. Hapo nikamsikia Onni yuko juu tena, anapiga mluzi.

Mtu wa Ufini halali chini ya blanketi huku jirani yuko juu ya paa. Nikasema dakika moja tu, nikaifuata ngazi.

Nesi alinikuta juu ya paa. Nikampungia mkono. Mwanamke wa sura nzuri, basi nikarusha mabeleshi mawili ya theluji kwa nguvu zaidi. Tyyne alikuwa nyuma yake, kashika kichwa kwa mikono yote miwili. Nikapaza sauti: Hapa sijawahi kusaidiwa na mtu! Nesi akaandika.

Kisha nikateremka, haraka kuliko nilivyokusudia.

Jumamosi, 19 Januari. Hospitali

Nyonga imevunjika. Nilianguka vizuri lakini, Onni asingeweza.

Kutoka hapa sirudi nyumbani, naenda moja kwa moja kwa wazee. Tyyne hakunigombeza. Alimwomba daktari aje aniulize yeye mwenyewe, maana alichoandika nesi bado kinaweza kusahihishwa. Nafasi ya mwisho. Akanishika mkono, akanisihi: Baba, taja jina langu tu. Tyyne. Basi.

Daktari kaja. Kijana, anadhani wazee wote wamekwisha. Akauliza, mzee, hii miaka mitatu nani amekuwa akikutunza? Hata mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna.

Nikamtazama machoni. Nikamwambia: Mimi mwenyewe! Na huyu binti pia nilikuwa namtunza mimi!

Daktari kanipa mkono, kasema hongera, ataandika hivyo hivyo. Basi nyumba imepona. Tyyne katoka bila kuaga, nadhani amekimbilia kumpigia wakili simu, ampe habari njema.