Vijumba Mia Visivyo na Mpangaji

Jumatatu, 3 Machi
Meneja ametangaza: Ijumaa anamchagua msimamizi wa mashine inayopachika vitaa kwenye vibao vya umeme. Tumebaki wawili. Mimi na mdogo wa kiume wa mke wangu, tunayemwita Rula kwa kuwa hakipiti kitu bila kukipima. Tumepewa kurasa kumi na moja tusome kuhusu mkanda wa vitaa. Kusoma nini? Ni utepe wa plastiki uliozungushwa kwenye gurudumu, kila kitaa na kijumba chake, juu utando mwembamba. Mtoto anaelewa. Nimempigia baba mkwe kumwambia cheo nimepata.

Jumanne, 4 Machi
Wizi! Kila gurudumu, vijumba mia vya mwanzo havina mpangaji hata mmoja. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, na Rula na vipimo vyake hajaona kitu. Nimekata mianzo yote kwa mkasi, magurudumu kumi. Ushahidi umejaa mfuko.

Jumatano, 5 Machi
Nimeumwaga mezani kwa meneja mbele ya watu wote. Alinisikiliza kwa upole hadi mwisho. Nikaona mambo yananyooka.

"Ukurasa wa nne umeusoma?" akauliza.

Mara mbili, nikasema. Kumbe ukurasa wa nne unaeleza kuwa mwanzo huachwa mtupu makusudi, mashine ipate pa kuushika mkanda na kubandua utando kabla ya kitaa cha kwanza. Nimepewa hadi kesho jioni kurekebisha. Rula akaninong'oneza nivirudishe vipande kwa gundi, matundu ya ukingoni mwa mkanda yakilingana. Wema wa ghafla huo! Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempiku! Nimefungua vijumba mia vya kwanza vya kila gurudumu na kuvitoa vitaa kwa kibanio. Mianzo mipya, mitupu! Vitaa elfu moja vilivyotoka nimevipanga kwenye vile vipande nilivyokata, nikaviunga, nikafunika kwa selotepu. Gurudumu la kumi na moja! Shingo haigeuki, lakini nina raha.

Ijumaa, 7 Machi
Meneja alitaka tuanze na gurudumu langu. Kibao cha kwanza kiliwaka nusu. Cha pili robo. Cha tatu giza. Ukurasa wa saba, eti kila kitaa kina kona yenye alama, na zote sharti zielekee upande mmoja. Mimi nilivilaza jinsi vilivyoanguka.

Rula ndiye msimamizi. Hakucheka, na hilo limeniuma zaidi. Alimwambia meneja, "Shemeji ana mikono mizuri. Mwache abaki."

Nimehamishiwa kupokea mizigo. Baba mkwe amepiga simu kunipongeza. Nimemshukuru.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeapa kuzisoma kurasa zote kumi na moja, nikipata nafasi. Leo sina. Mzigo mpya umeingia, na ndani ya kila mfuko uliozibwa, pembeni ya gurudumu, nimekuta kipakiti cha punje. Kimeandikwa: huzuia unyevu, usitoe. Unyevu gani, na humu ndani pakavu hivi? Wanatuongezea uzito! Nimepasua mifuko yote arobaini na kuvitoa vyote. Ndoo imejaa. Jumatatu naimwaga mezani kwa meneja.

Nimempigia baba mkwe. Nimemwambia akae mkao wa kula, kuna cheo kingine kinakuja.