Betri Haiambiwi Basi

Ijumaa, 28 Novemba 2003

Imepangwa! Aya anaolewa Jumapili ya wiki ijayo. Nikahi asubuhi hapa mtaani Buyenzi, kisha tunavuka ziwa kumpeleka kwa mumewe Uvira. Kwa maji, si kwa Gatumba. Barabara ya Gatumba siku hizi za vita mtu haendi akiwa na uhakika wa kurudi.

Aya ni binti wa marehemu kaka yangu Amur. Nilimwahidi Amur akiwa kitandani: mtoto huyu nitamkabidhi kwa mumewe kwa mkono wangu huu. Mkono wa Haitham, mwenye duka la vipuri mtaa wa Asiatique. Si wa mtu mwingine.

Aya ameomba jambo moja tu. Ana kaseti ya baba yake akiimba kaswida, anataka kuisikia wakati wa kuvuka. Akasema redio ndogo ya kaseti inatosha. Redio ndogo! Boti nzima imejaa watu, na sauti ya Amur itoke kwenye kitu cha kushika mkononi? Nikamwambia aniachie mimi.

Binamu yangu Zayd akadakia. Ati yeye ana boti, ana jenereta, ana baflu, spika kubwa zinazosikika mpaka mtaa wa Kinama. Nikamjibu kwamba jenereta yake inasikika kuliko hizo baflu. Watu wakacheka. Utamu wa kicheko ukanipanda kichwani. Nikatangaza kwamba nitaweka umeme wa jua, wa kimya kabisa, kwenye boti ya rafiki yangu Massoudi. Sikuwa nimelifikiria kabla ya kulisema. Lakini limeshasemwa mbele ya wazee.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimepata paneli mbili! Misheni moja imenipa, mimi nimewapa matairi ya jipu.

Nikaenda kwa Dorothée kutafuta waya. Anauza vitu vya umeme karibu na duka langu, na mdomo wake hauna breki. Akanitolea kebo nene kama kidole gumba. Nikamweleza taratibu kwamba volti kumi na mbili ni umeme mdogo, kwa hiyo anipe waya mdogo. Akapiga meza. "Apana, papa! Volti kidogo, waya munene!" Akasema waya mwembamba utapata moto. Kisha akaleta na kisanduku anachokiita regilateri. Kinakaa kati ya paneli na betri, betri ikishiba kinakata.

Nikacheka moyoni. Mimi mwenyewe ni mfanyabiashara. Mtu akija kutaka plagi moja, namwambia asipobadilisha zote injini itakufa. Najua maneno hayo! Kisanduku nilikichukua, maana kina taa ya kijani na nyekundu, kinapendeza. Kebo nilimwachia. Nyumbani nina roli nzima ya waya wa kengele ya mlango. Mweupe, safi, unaendana na maua ya harusi.

Jumatatu, 1 Desemba

Kazi imekamilika. Paneli juu ya turubai la boti, betri za lori nyuma chini ya benchi, redio kubwa ya kaseti na spika zake mbele. Massoudi aliniuliza kama nina hakika, akauliza tena, kisha akaenda kukaa mbali.

Jua kali baada ya mvua. Betri zinakula. Alasiri hivi, taa nyekundu ikawaka. Kisanduku kimekata! Jua bado lipo, betri bado zipo, na kisanduku kinasema basi.

Sikuipenda tabia hiyo. Kwetu mgeni hata akifunika sahani kwa kiganja, unamwongezea. Mama yetu alikuwa anampakulia mtu pilau juu ya vidole vyake. Hakuna aliyewahi kukaa kwetu akaambiwa ameshiba. Sasa leo nifundishwe uchoyo na kisanduku? Nimekitoa. Nimeunga waya moja kwa moja. Kuleni, wageni wangu!

Jumatano, 3 Desemba

Betri zinachemka ndani kwa ndani. Dalili ya nguvu.

Massoudi analalamika boti inanuka mayai mabovu. Nikamwambia ni bandari. Akasema amezeekea bandari hii, harufu zake zote anazijua. Mke wangu Ghanima naye ameuliza suruali ninayopigia magoti penye betri imetoboka wapi. Nikasema panya. "Panya gani huyo anakula magoti tu?" Nimeinunia nyumba nzima.

Zayd alipita bandarini na sambusa, ati kunisalimia. Akachungulia chini ya benchi, akaanza: "Mi ningekuwa we..." Nikamkata. Sambusa nilizila zote, lakini nilimkata.

Ijumaa, 5 Desemba

Aya alikuja jioni, mikono imejaa hina. Akakaa chini karibu na kiti changu, kama alivyokuwa akikaa utotoni. Akasema tena, kwa upole: "Baba mudogo, redio inatosha. Mi nataka tu kumusikia baba."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia sijaisikia sauti ya Amur tangu tumzike. Kwamba naogopa kuisikia ikitoka kwenye kitu kidogo, nitaona kama kaka yangu amepungua. Badala yake nikamweleza habari za volti. Akasikiliza mpaka mwisho, mtoto wa watu, akaniaga.

Jumapili, 7 Desemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji.

Nikahi ilikwenda vizuri. Nilitoa idhini, nikalia, nikapangusa, nikalia tena. Bandarini askari wa majini walitupa sharti: boti iondoke kabla ya adhuhuri, ama isiondoke kabisa, ili iweze kurudi kabla ya saa ya kutotoka nje. Tulikuwa na nafasi ya kutosha. Wanawake wakaingia kwa vigelegele. Aya akakaa katikati. Nikaweka kaseti. Nikafungua sauti mpaka mwisho.

Amur akaimba! Wapakuzi wakashusha magunia. Kaka yangu alikuwa pale, mzima, mkubwa kuliko ziwa. Nilimtazama Zayd ili nimwone akishindwa.

Ndipo waya mweupe ukawa mwekundu. Wekundu ukapita katikati ya maua, ukapanda, turubai likashika moto. Sauti ikafa, Aya akachomoa kaseti yake. Wanawake wakaruka majini na mavazi yao ya harusi, bahati maji yalikuwa ya magoti. Nikaukamata waya kwa mkono nikauvuta. Mkono huu huu. Massoudi akamwaga ndoo kwa ndoo. Nyuma, betri moja ikapasuka, ikatema ilichokuwa imelishwa wiki nzima.

Hakuna aliyeumia ila mimi, alhamdulillahi. Askari akasema boti hii leo haiendi popote.

Zayd hakunicheka. Hilo ndilo linaloniuma. Alisogeza boti yake tu, akawapa wanawake mkono mmoja mmoja. Yake ni ndogo, haikuchukua wote, na mimi nilikuwa napelekwa kufungwa bandeji. Nikapiga kelele wanisubiri, bibi harusi ni wangu. Askari akaonyesha jua, lilikuwa karibu utosini.

Aya akatoa redio ndogo kwenye mkoba wake. Alikuwa nayo siku zote. Zayd akazima jenereta bila kuambiwa. Wakasukuma kwa makasia mpaka mdomo wa bandari, na katika ule ukimya nikamsikia Amur juu ya maji. Hakuwa amepungua hata kidogo. Nilimsikia mpaka walipowasha injini.

Zayd ndiye aliyemkabidhi. Wanasema alitaja jina langu alipomkabidhi. Afadhali asingelitaja. Nisamehe, kaka.

Ijumaa, 19 Desemba

Aya amepiga simu! Yuko salama. Anataka niende Uvira Idi ya kuchinja, nimbariki mwenyewe, maana anasema bila mkono wangu anajiona hajafika. "Ukuje mikono tupu, baba mudogo. Ukuje tu." Nililia mpaka Ghanima akaninyang'anya simu.

Nimeomba radhi kwa Massoudi. Nimemletea turubai jipya, amelipokea, mimi bado hajanipokea. Zayd amekubali nivuke naye. Dorothée ameiona bandeji. Aliweka tu ile kebo nene mezani. Bado ananiwinda, mwanamke huyu!

Nimewaza sana, nimeligundua kosa. Betri zilikuwa mbili, zikalemewa na jua. Zingekuwa nne zingegawana.

Ghanima anasema nyumba ya Aya haina umeme, ila Aya mwenyewe anasema taa ya mafuta inawatosha. Inawatosha! Mtoto ana haya, ataomba vipi? Paneli moja ilipona. Na roli ya waya wa kengele imebaki nusu.