Jitu la Mikono Minne Sebuleni kwa Dada

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kachoka nami. Tangu mwenye nyumba anifungie chumba, nalala kwenye kochi lao, na sasa anadai mgongo wa kochi umebonyea. Nikajitapa mbele ya dada kwamba mimi sishindwi na kitu. Shemeji akacheka. Akasema nikiliua Jitu la kwenye gemu lake kabla ya Jumapili, nibaki nitakavyo. Nikishindwa, nifunge virago. Yeye mwenyewe hajawahi kuliua! Nimekubali papo hapo. Mimi fundi friji. Chenye vipande hufunguka.

Jumanne, 4 Machi
Mikono minne, mkia, kichwa. Risasi zinadunda tu! Lakini lazima pawe na pahali palaini. Wapi? Kwenye friji, mashine iko nyuma, chini. Nikazunguka nyuma. Mkia ukanifagia. Dada, akiwa anapiga pasi, akauliza mbona viwiko vinang'aa kila Jitu likivuta pumzi. Nikamwambia asinivuruge.

Jumatano, 5 Machi
Viwiko! Nimegundua mwenyewe, baada ya utafiti mzito. Nimeng'oa mkono wa kwanza, nikang'oa wa pili. Nageukia wa tatu, wa kwanza umeota upya! Unaotaje? Nani anaulisha? Sijawahi kutamani kujua jambo namna hii. Mteja kapiga simu kuhusu friji yake. Nimemwambia kipuri kiko njiani.

Alhamisi, 6 Machi
Ni mkia! Mkia ndio unaoilisha mikono. Kwanza ukatwe huo. Kisha nikawaza: shemeji naye ana vipande. Pahali pake palaini ni mama yake. Nikampigia mama, nikamsifia mwanawe mpaka mate yakanikauka. Mama kafurahi mno. Anakuja Jumamosi kututembelea. Atalala kwenye kochi.

Ijumaa, 7 Machi
Mkia, chini! Mikono yote, chini! Kichwa kikadondoka. Nikatupa kidude cha kuchezea, nikapanda juu ya kochi, nikamwita shemeji aje aone mwanaume. Kichwa kikaota miguu. Kikanimeza mbele yake.

Dada akaweka pasi pembeni, akaomba ajaribu. Akasubiri kichwa kifungue kinywa kucheka, akakipiga ulimini. Jitu likafa. Shemeji akakiri kwamba aliyeua ndiye aamue. Nikamkumbatia dada yangu, damu yangu! Dada akasema ananipenda sana, ila mkwewe hawezi kulala sakafuni. Niende nikalale kwenye karakana yangu ya friji. Nililia, sifichi.

Jumapili, 9 Machi
Karakana. Nalala kati ya friji mbili, na zote zinanguruma. Lakini nimesikia limetoka Jitu jipya, la vichwa saba! Nimempigia mwenye nyumba wangu, nikamwambia nikiliua anifungulie chumba. Akasema hajui hata Jitu ni nini. Hapo ndipo pahali pake palaini: nikimwambia limekufa, atajuaje? Nimeshapakia godoro kwenye mkokoteni.