Maporomoko ya Bata Wawili

Jumatano, 4 Machi

Balaa limeingia studio leo likiwa na koti jeupe. Kinyozi wa mlango wa pili! Kaja na wazo lake: Jumapili twende mlimani, tukayaone maporomoko ya maji kwa macho yetu. Mimi niwe kiongozi wa msafara, maana ndimi pekee niliyewahi kufika.

Sijawahi kufika! Ila nani anajua? Ukuta wa studio yangu una maporomoko niliyoyachora mwenyewe: maji ya buluu, maua kila upande, bata wawili weupe chini. Nusu ya mtaa imepigwa picha mbele yake. Kila mteja nimemwambia nilikaa kutwa nzima juu ya jiwe, nikachora nilichokiona. Nimelisema hilo hadi naikumbuka baridi ya lile jiwe.

Nikafungua mdomo nikatae. Mama Pindo, fundi cherehani wetu, aliyeingia nyuma yake, akaniwahi. Akasema binti yake anaolewa mwezi ujao na kazi ya picha alipanga kunipa mimi. Lakini watu wanasema sijawahi kupanda hata ngazi za posta, sembuse mlima, na harusi ya mwanawe hampi mwongo. Basi twende kwanza, aone.

Watu wanaosema ni mmoja tu. Alikuwa anaangalia dari, anapiga mluzi.

Alhamisi, 5 Machi

Mpango wa kwanza: ruba. Nimemnong'oneza muuza magazeti, kwa siri kubwa, kwamba mlimani kuna ruba warefu kama soksi. Siri ikimfikia yeye, mtaa mzima unayo kabla ya chai ya saa nne.

Jioni. Siamini! Mama Pindo kawashonea wasafiri wote soksi za turubai. Majirani wawili wamejiunga, wanataka kuwaona hao ruba. Hawa watu hawana woga?

Jumamosi, 7 Machi

Nilitoa upepo magurudumu yote ya pikapu ya shemeji, ndiyo itakayotupeleka mlimani. Nikarudi nyumbani kifua mbele. Mke wangu akanipokea mlangoni na pampu mkononi. Eti kaka yake kapiga simu, kuna mhuni kamharibia safari, nikamsaidie haraka. Nimepampu hadi mikono imekufa ganzi. Shemeji kanikumbatia, kasema ndugu kama mimi ni wachache.

Mpango wa mwisho: nitawapoteza. Kila njia panda nachagua njia mbaya. Tunazunguka, wanachoka, tunarudi. Safi kabisa.

Jumapili, 8 Machi

Niandike taratibu.

Tuliacha pikapu barabara ilipoishia, tukapanda kwa miguu. Penye njia panda nikachagua kijinjia cha hovyo kuliko vyote. Miiba, tope, mteremko wa kuvunja shingo. Kinyozi alivililia viatu vyake. Nikafurahi. Tukapenya kichaka cha mwisho na, Mungu wangu, tukatokea mbele ya maporomoko! Njia ya mkato! Nilikuwa nimechagua njia ya mkato!

Na maji yenyewe! Mbona hakuna aliyeniambia? Si ya buluu hata kidogo. Ni meupe, yanashuka kwa kishindo kinachotikisa meno, na yanakulowesha ukiwa bado mbali. Nilibaki mdomo wazi. Machozi yalinitoka. Miaka yote hii nimekuwa nikiringia bomba lililopasuka.

Mama Pindo hakuwa akiyatazama maji. Alikuwa akinitazama mimi. Akauliza kwa upole mbona nashangaa hivyo mahali nilipokaa kutwa. Nikasema ni hisia za kurudi. Akauliza bata wako wapi. Nikasema wamehama. Kinyozi akauliza na maua je. Nikasema yamehama pia.

Hata hapo ningepona. Lakini akatokea mlinzi, mkali kama pilipili, akitaka kujua kwa nini tumepita vichakani wakati kuna lango. Akatupeleka hukohuko langoni. Na pale langoni kuna bango kubwa la kukaribisha wageni. Maji ya buluu. Maua. Bata wawili. Ukuta wangu! Sijui ni mteja gani aliyewapa picha yake. Na pembeni, juu kidogo ya bata wa kulia, swichi ya taa ya studio.

Wote wakaitazama swichi. Wote wanaijua, mimi huwaambia wasiiegemee. Mlinzi akalalamika kwamba wageni wanamsumbua kila siku wakidai bata, na mmoja aliuliza kama maji huzimwa jioni. Akasema akimpata aliyechora lile bango, ana neno naye. Kinyozi akaninyooshea kidole kabla hajamaliza.

Kinyozi alicheka hadi akakaa kwenye tope. Mama Pindo hakucheka. Alisema ningemwambia ukweli Jumatano kazi ingekuwa yangu, maana ukuta ule anaupenda, na binti yake alitaka wale bata. Sasa bi harusi atapigwa picha palepale majini, na kinyozi, kwa simu yake. Kinyozi! Ambaye kila akipiga picha watu hawana vichwa!

Nimeumia. Sitanii, nimeumia.

Jumanne, 10 Machi

Mke wangu anasema niende kwa Mama Pindo, nimwombe radhi, nieleze yote bila kuongeza chumvi. Huenda akalegea. Ushauri mzuri sana. Nimeutafakari kikombe kizima cha chai.

Lakini hebu tuone. Shida yote ni kwamba ukuta na mlima havifanani. Ukuta umeshakauka. Basi kinachoweza kurekebishwa ni mlima. Siku ya harusi bi harusi akiwakuta bata wawili weupe wanaogelea pale, nani atasema sikuwahi kufika?

Bata nimewapata. Wako bafuni, mke wangu bado hajaoga. Miche ya maua itabebwa na shemeji. Mchana nikapita kwa fundi umeme, kumuuliza kama swichi inaweza kufungwa kwenye jiwe. Amesema inawezekana, ila ameniuliza itazima nini. Watu wengine hawaelewi sanaa.